Max Looff: Nahodha wa ‘Manowari na Bomba Tatu’ ambaye mizinga yake ilifika hadi Ziwa Victoria

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

WAKAZI wengi wa Shinyanga, Kahama na Geita wanapozungumzia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia huviona kuwa vilikuwa vita vya watu wa pwani na wa kusini. Hutajwa Tanga, hutajwa Rufiji, hutajwa Mahiwa. Usukuma na Uzinza hutajwa mara chache mno, kana kwamba bunduki hazikulia huku.

Ukweli ni kwamba katika mwaka 1916 majeshi ya mataifa matatu ya Ulaya yalikanyaga ardhi hii, na kwamba mzinga mmoja wa manowari, uliotengenezwa kwa ajili ya mapambano ya baharini, ulikuwa umepangwa Mwanza ukilinda maji ya Ziwa Victoria. Mzinga huo ulitoka katika manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, na aliyekuwa nahodha wa manowari hiyo ni Max Looff.

Looff si jina geni kwa wasomaji wa historia ya Zanzibar na Rufiji. Lakini maisha yake ya kijeshi ni marefu kuliko kisa cha Rufiji. Ni maisha ya ofisa wa majini aliyeanza na meli, akabaki na mizinga, na mwishoni akabaki na wagonjwa.

Alizaliwa mwaka 1874 mjini Strasbourg, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani na leo uko Ufaransa. Alijiunga na jeshi la majini la Kaisari akiwa kijana, katika miaka ambayo Ujerumani ilikuwa ikijenga meli kwa pupa ili kuifikia Uingereza. Alikabidhiwa Königsberg mwaka 1914, na mwanzoni mwa Juni mwaka huo akatia nanga Dar es Salaam.

Manowari hiyo ilishushwa majini mwaka 1905 katika mji wa Kiel na kuanza kazi rasmi mwaka 1907. Urefu wake ulikuwa mita 115, mabaharia wake walizidi 300, na kasi yake ilipita noti 24 kwa saa, jambo ambalo hakuna manowari ya Kiingereza iliyokuwa ikizunguka pwani hii wakati huo iliyoliweza. Ilikuwa na dohani tatu. Watu wa Dar es Salaam wakaiita ‘Manowari na Bomba Tatu’, na jina hilo likaenea pwani nzima. Nimelisikia likitajwa na wazee ambao hawalijui kabisa neno Königsberg.

Silaha yake kubwa ilikuwa mizinga 10 ya kipenyo cha sentimita 10.5. Mtutu wa kila mzinga ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita nne na uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, bila kuhesabu kitako chake. Kombora moja lilikuwa na uzito wa kilo 16 au zaidi, na liliweza kufika umbali wa kilomita 12 hivi.

Msomaji aikumbuke mizinga hiyo 10, kwani ndiyo hasa habari ya makala haya.

Vita vilipokaribia, Looff hakusubiri kufungiwa bandarini. Alasiri ya Julai 31, 1914 aling’oa nanga Dar es Salaam. Nje ya bandari alikutana na manowari tatu za Waingereza, Hyacinth, Astraea na Pegasus, ambazo zilikuwa zimetumwa kumchunga. Vita vilikuwa bado kutangazwa, hivyo hakuna aliyefyatua. Likashuka wingu la mvua, Looff akageuza usukani, akaongeza mwendo na kuwaacha.

Agosti 6, katika maji ya kusini mwa Arabuni, aliikamata meli ya mizigo ya Kiingereza City of Winchester iliyokuwa ikitoka Ceylon na shehena ya chai. Aliipeleka kwenye visiwa vya Kuria Muria, pwani ya Oman, akahamisha makaa yake ya mawe, kisha akaizamisha. Ilikuwa meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kutekwa katika vita hivyo.

Makaa ndiyo yaliyokuwa shida yake tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Manowari ya namna ile iliyala makaa kama moto wa nyika unavyokula majani, na Waingereza walikwisha kununua akiba iliyokuwapo katika bandari za jirani ili asiipate. Dar es Salaam nako hakukurudika. Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha gati la kuelea katika mlango wa bandari, wakihofia kuvamiwa. Looff akajichimbia katika delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, mahali ambapo ramani za Waingereza zilionyesha kuwa meli kubwa haiwezi kuingia.

Alfajiri ya Septemba 20, 1914 alitokea Zanzibar. Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, mitambo yake ikiwa katika matengenezo. Ilikuwa na mizinga minane, na kwa hesabu ya haraka mtu angeweza kudhani kuwa pambano lilikuwa la sawa kwa sawa. Haikuwa hivyo. Mizinga ya Pegasus ilikuwa ya zamani zaidi na makombora yake hayakufika yalikokuwa ya Looff.

Hapa ndipo inapoonekana kazi ya ofisa wa mizinga wa majini. Mtu huyo hapigi kwa kubahatisha. Hukaa juu, penye mwonekano mzuri, na kifaa cha kupimia umbali. Huamuru mizinga ya upande mmoja ipigwe kwa pamoja, hutazama maji yanaporuka, huhesabu kama makombora yamepita au yamepungukiwa, hurekebisha, kisha hupiga tena. Akishaipata shabaha huishikilia. Nahodha naye kazi yake ni kuiweka meli mahali ambapo yeye anamfikia adui na adui hamfikii.

Looff alilifanya hilo barabara. Katika muda usiozidi nusu saa Pegasus ilikuwa imenyamazishwa. Waingereza 38 walipoteza maisha na wengine 55 walijeruhiwa. Baadaye mchana huo manowari yao ilizama. Königsberg haikupoteza mtu hata mmoja. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yako katika kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe.

Ushindi huo ndio uliomfunga. Kipande cha mtambo wake kilivunjika wakati wa kuondoka, akalazimika kurudi Rufiji, na vipande vilivyoharibika vikapelekwa Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu ili vikatengenezwe katika karakana. Kabla hajawa tayari kutoka tena, Waingereza walikwisha kumgundua. Oktoba 30, 1914 manowari Chatham iliziona nguzo zake juu ya miti.

Kilichofuata ni miezi minane ya kuzingirwa, na habari zake zimeandikwa mara nyingi. Waingereza walizamisha meli ya zamani, Newbridge, katika mlango mmoja wa mto ili kuuziba. Walileta ndege, ambazo kwa watu wa Rufiji zilikuwa kioja. Walimtumia mwindaji Pieter Pretorius kwenda kuchunguza kina cha mito usiku. Ujerumani nayo ilituma meli ya mizigo ikiwa imejifanya ya Denmark, ikiwa na makaa, bunduki na risasi, lakini ilifukuzwa na Hyacinth ikaishia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915. Makaa hayakumfikia Looff. Bunduki na risasi ziliopolewa na kumfikia Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya nchi kavu.

Julai 1915 Waingereza walileta Severn na Mersey, manowari mbili za tumbo bapa zilizojengwa awali kwa ajili ya Brazil, ambazo ziliweza kupita katika maji yasiyozidi kina cha mtu mrefu. Kila moja ilikuwa na mizinga miwili mikubwa ya inchi sita. Ziliingia mtoni Julai 6 zikapigana kutwa nzima bila kummaliza. Mersey ilipigwa na kupoteza watu.

Jambo la kushangaza ni kwamba siku hiyo pande zote mbili zilipiga zisichokiona. Kati yao kulikuwa na msitu wa mikoko. Wajerumani walikuwa wameweka waangalizi kwenye miti karibu na mwambao, ambao walipeleka habari kwa simu ya waya: ongeza, punguza, kushoto, kulia. Waingereza walitumia ndege iliyokuwa ikituma ishara kwa redio. Hata wakati ndege ya rubani Cull na mwangalizi wake Arnold ilipopigwa katika pambano la pili, Julai 11, Arnold aliendelea kutuma ishara wakati ndege ikishuka kuelekea mtoni. Severn ikarekebisha na kuipata shabaha. Königsberg ikawaka moto, Looff akajeruhiwa, mabaharia wake wengi wakafa. Aliamuru meli itobolewe kwa mlipuko izame palepale.

Kwa kawaida, maisha ya nahodha wa manowari yangekoma kusimuliwa hapo.

MIZINGA YAHAMIA NCHI KAVU

Maji ya mahali pale hayakuwa na kina kikubwa, na sehemu ya juu ya meli ilibaki nje. Mizinga yote 10 iliopolewa. Kazi ya kuisafirisha ilihitaji magari mazito, na baadhi yalipatikana katika shamba la mkoloni lililokuwa jirani. Schönfeld, ofisa wa zamani wa majini aliyeongoza kikosi cha ulinzi wa delta, alikuwa na mkono mkubwa katika shughuli hiyo. Karakana zikaiundia baadhi ya mizinga vitako vyenye magurudumu, ili iweze kuvutwa kama mizinga ya jeshi la nchi kavu.

Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake namna ilivyogawanywa. Mitano iliwekwa Dar es Salaam, miwili Tanga, miwili Kigoma na mmoja Mwanza.

Mgawanyo huo una hesabu yake. Dar es Salaam na Tanga zilikuwa bandari za bahari. Kigoma ilikuwa bandari ya Ziwa Tanganyika na mwisho wa Reli ya Kati, iliyokuwa imefika huko mwanzoni mwa 1914. Mmoja wa mizinga ya Kigoma ulifungwa katika meli Graf von Götzen, ile ambayo baadaye ilikuja kujulikana kwa jina la MV Liemba. Mwanza ilikuwa lango la ziwa ambalo Waingereza walilitawala kwa meli zao za abiria na mizigo kutoka Kisumu na Entebbe, walizokuwa wamezifunga silaha. Wajerumani walikuwa na meli ndogo tu. Mzinga mmoja wenye uwezo wa kupiga kilomita 12 ulitosha kumfanya nahodha yeyote wa Kiingereza afikiri mara mbili kabla ya kuukaribia mji.

Swali ni namna ulivyofika huko. Mwaka 1915 hapakuwa na reli kati ya Tabora na Mwanza. Reli hiyo ilijengwa na Waingereza baada ya vita na kufika Mwanza mwaka 1928. Kutoka Tabora hadi ziwani ni zaidi ya kilomita 300, na kwa mzigo wa uzito ule hapakuwa na njia nyingine ila kuvutwa kwa mikono ya watu na kwa wanyama, katika nchi ya mbuga nyeusi ambayo mvua ikinyesha huganda magurudumuni kama gundi. Anayeyajua mashamba ya pamba ya Shinyanga wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Vitabu vya Wajerumani vinasifu mizinga, vinasifu maofisa, na mara nyingine vinasifu askari. Waliovuta hawakuandikwa majina. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, na pande zote mbili ziliwachukua, wengine kwa ujira na wengi kwa nguvu. Upande wa Waingereza pekee, takwimu rasmi za wapagazi waliokufa katika kampeni ya Afrika Mashariki zinazidi 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Upande wa Wajerumani hesabu haikutunzwa hivyo.

SHINYANGA YAINGIA VITANI

Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini aliposhika uongozi wa majeshi ya Uingereza, Usukuma ulibanwa pande mbili. Kutoka magharibi walikuja Wabelgiji kutoka Kongo chini ya Jenerali Charles Tombeur. Kikosi chake cha kaskazini, kilichoongozwa na Kanali Molitor, kilipitia Rwanda, kikachukua Biharamulo mwishoni mwa Juni, na Julai 3 kikapambana vikali na Wajerumani huko Kato, katika eneo la kusini magharibi mwa ziwa. Kutoka kaskazini walikuja Waingereza wa Kikosi cha Ziwa, chini ya Brigedia Jenerali Sir Charles Crewe, wakiwa na askari wa King’s African Rifles na vikosi kutoka Uganda.

Crewe aliichukua Ukerewe mwezi Juni. Mwezi uliofuata alishusha askari wake mashariki ya Mwanza na kuuzunguka mji kwa nchi kavu, jambo ambalo mzinga wa Königsberg, uliokuwa umeelekezwa ziwani, haukuwa na dawa yake. Julai 14, 1916 Waingereza waliingia Mwanza. Wajerumani walikwisha kuondoka kwa meli na mashua kupitia ghuba kuelekea kusini, na wengine kwa barabara. Mzinga waliuacha.

Hivyo silaha iliyowaua mabaharia wa Pegasus ilitekwa na Waingereza kilomita nyingi kutoka baharini, katika mji wa mawe na samaki, bila pambano kubwa.

Kutoka hapo vita viliteremka Shinyanga. Crewe alikwenda polepole. Hakuwa na wapagazi wa kutosha wala magari, na chakula cha askari kilitegemea nchi ambayo Wajerumani walikwisha kuikamua kabla ya kuondoka. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti ndipo Shinyanga ilipoangukia mikononi mwa Waingereza. Molitor naye, akipita upande wa magharibi, alishuka kupitia misheni ya Mtakatifu Mikaeli ya mapadri wa White Fathers, akielekea Tabora. Kulikuwa na mashindano yasiyofichika baina ya washirika hao wawili kuhusu nani ataingia Tabora kwanza.

Kwa wanakijiji mashindano hayo yalikuwa na maana moja tu: kila jeshi lililopita lilihitaji nafaka, ng’ombe na vijana wa kubeba, na lililofuata lilihitaji hayohayo.

Kuna kinaya kingine katika njia hiyo ya Molitor. Kutoka Biharamulo hadi Kahama askari wake walipita pembezoni mwa miamba ambayo leo ndiyo ukanda mkubwa wa dhahabu nchini. Dalili za dhahabu Geita zilikwisha kuonwa na Wajerumani mwaka 1898, lakini mgodi wa kwanza mkubwa hapo ulikuja kufunguliwa na Waingereza katika miaka ya 1930, ukafungwa 1966, na Geita Gold Mine ikaanza uzalishaji mwaka 2000. Almasi za Mwadui zilikuwa bado kugunduliwa. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alizipata mwaka 1940. Mwaka 1916 ardhi hiyo kwa macho ya majenerali ilikuwa njia ya kupita tu.

Dhahabu iliyokuwa ikichimbwa kwa dhati na Wajerumani ni ya Sekenke, Iramba, ambayo leo iko mkoani Singida. Hiyo nayo iliingia vitani. Serikali ya kikoloni ilipokatiwa mawasiliano na Ulaya na kuishiwa fedha, karakana ya reli Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Mwaka 1916 zilipigwa hapo sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo mbele ya mlima, zaidi ya 16,000. Wakusanyaji wa sarafu duniani huzigombania hadi sasa. Idadi yake ni kubwa kuliko ya makombora ambayo mizinga ya Looff ilibakiwa nayo, na huenda serikali ingefurahi kubadilishana.

Utetezi wa Tabora ulikuwa mikononi mwa Jenerali Kurt Wahle, mstaafu aliyekuja nchini kumtembelea mwanawe na kukutwa na vita. Mzinga wa Götzen ulikuwa umeshushwa melini na kupelekwa Tabora kuimarisha ulinzi, na mahali pake melini pakawekwa mzinga wa bandia wa mbao ili Wabelgiji wasijue. Haukutosha. Baada ya siku kadhaa za mapigano, Wahle aliuacha mji usiku, na Septemba 19, 1916 Wabelgiji wakaingia. Crewe alikuwa bado njiani. Tombeur alikuja kupewa na mfalme wake cheo cha ubaroni chenye jina la Tabora ndani yake.

LOOFF AISHIA MAKONDE

Na Looff mwenyewe alikuwa wapi wakati huo? Baada ya kupona majeraha alikuwa amepewa ukamanda wa Dar es Salaam. Mabaharia wake walitawanywa: wengine waliipigia mizinga Kigoma, wengine Mwanza, wengine Kahe na Kondoa-Irangi. Yeye na Lettow-Vorbeck hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Looff alikuwa na cheo kizito, alitaka meli yake na watu wake waheshimiwe kama kikosi cha majini, na Lettow-Vorbeck alitaka kila mwenye miguu na bunduki awe chini yake.

Dar es Salaam ilipoanguka mwanzoni mwa Septemba 1916, Looff alikwenda kusini. Wareno walikuwa wamevuka Ruvuma kutoka Msumbiji na kuichukua Newala. Novemba mwaka huo Looff aliwazingira katika ngome yao, akiwa na mzinga wa Königsberg, akawakatia maji na kuwapiga hadi wakaikimbia ngome usiku na kurudi kwao. Kwa ofisa wa majini, kuishinda ngome juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo maji yenyewe hutafutwa bondeni, si jambo la kawaida.

Mizinga ilikuwa ikipungua. Kila mmoja ulipoishiwa makombora, au uliposhindikana kuvutwa, mabaharia waliulipua wenyewe. Mmoja ulibaki Kahe, Machi 1916. Nguvu ya mwisho ya mizinga hiyo ilitumika katika vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, katika mkoa wa Lindi, mapigano ambayo yaliua watu wengi kuliko karibu mengine yote ya kampeni hiyo.

Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck aliamua kuvuka Ruvuma na watu wenye nguvu pekee. Wagonjwa, majeruhi na wasioweza kutembea waliachwa nyuma wasubiri kutekwa, na Looff akaachwa pamoja nao. Kwa ofisa mwenye hadhi yake lilikuwa pigo, ingawa mtu mwingine angeweza kusema kwamba kazi ya kukaa na wagonjwa mbele ya adui haikuwa ndogo. Alichukuliwa mateka na Waingereza. Baada ya vita alirejea Ujerumani, akapandishwa hadi vyeo vya admirali na kustaafu, akaandika kumbukumbu zake, na akafariki dunia mwaka 1954.

Mpinzani wake wa Zanzibar alikuwa na mwisho wa aina yake. Mwaka 1924 John Ingles, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua haki ya kuopoa vyuma vya mabaki ya Königsberg kwa pauni 200, akatuma wapiga mbizi, kisha akaiuza haki hiyo kwa wengine. Vyuma viliendelea kung’olewa kwa miaka mingi. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 mabaki yaliyosalia yalikuwa yamedidimia katika tope la mto.

Kati ya mizinga 10, mitatu ndiyo inayojulikana kusalia. Mmoja uko Pretoria, mbele ya Union Buildings. Wa pili uko Mombasa, nje ya Fort Jesus, ukiwa jirani na mzinga wa Pegasus uleule ulioshindwa kuufikia mwaka 1914. Wa tatu uko Jinja, Uganda, ng’ambo ya ziwa kutoka Mwanza. Mmoja ukielekea Bahari ya Hindi, mwingine ukiwa kando ya Ziwa Victoria, hakuna kati ya hiyo mitatu uliobaki katika ardhi ya Tanzania, mahali ambapo watu waliivuta.